egui baada ya mwaka mmoja: dirisha linalochorwa upya kila mara

"Dada, nimebonyeza 'Changanua', imenyamaza tu."

"Sogeza kipanya."

"Nikisogeze wapi?"

"Popote, mradi kiwe juu ya dirisha."

Kimya kidogo, halafu: "Ee! Picha imekuja. Sasa kwa nini ilikuwa inasubiri kipanya?"

Ni mwaka mmoja sasa tangu mazungumzo hayo. Kosa lilikuwa langu, halikuwa la egui, maktaba ya lugha ya Rust ya kuchorea madirisha na vitufe. Lakini ukilielewa kosa lile umeshaielewa nusu ya egui, kwa hiyo nitalirudia nikishaeleza nilifikaje huko.

Mimi hurekodi sauti za ndege. Kinachonilisha ni kuandika programu za C za vifaa vidogo visivyo na skrini, kazi ambayo kiolesura chake chote ni taa nyekundu na taa ya kijani. Ndege ni mapenzi tu. Tuko wanne tunaobadilishana rekodi: mmoja ana Windows, mmoja ana Mac, mimi natumia Linux, na mzee wetu naye anatumia Linux, ila ya kwake ni ya zamani na hataki kusikia habari ya kuibadilisha. Tulihitaji programu moja ya kufungua faili la WAV na kuchora spektrogramu yake, yaani ile picha inayoonyesha sauti ikipanda na kushuka kadiri muda unavyokwenda. Mtu akokote kipanya juu ya mlio, auandikie jina la ndege, alama zihifadhiwe kwenye faili la CSV. Basi. Sehemu ya hesabu nilikuwa nimeshaiandika kwa Rust. Ilibaki sura.

Na sura, kwa watu wa Rust, ni mtaa ambao haujamalizika kujengwa. Lugha yenyewe ilifikia toleo la 1.0 mwaka 2015 na ina kompaila (programu inayokagua msimbo na kuutafsiri kwa mashine) isiyo na mzaha, lakini ukiuliza dirisha lenye vitufe linaandikwaje unaonyeshwa viwanja vingi kuliko nyumba zilizoezekwa. Druid, maktaba ambayo wengi waliiwekea matumaini, iliachwa na waundaji wake wenyewe wakahamia nyingine, Xilem.

Sababu moja ya hali hii imo ndani ya lugha. Njia ya kawaida ya kujenga kiolesura, ile ya maktaba za zamani kama Qt, GTK na ndugu zao, ni kutengeneza mti wa vitu: dirisha lina kisanduku, kisanduku kina kitufe, na kitufe umekiagiza, "ukibonyezwa, ita fanksheni hii". Mti huo unakaa kwenye kumbukumbu muda wote. Sasa ile fanksheni inataka kuishika data yako ili iibadilishe, kitufe cha pili nacho kinaitaka hiyohiyo, na orodha ya pembeni inataka kuisoma. Katika Rust kila kitu kina mwenyewe mmoja, wengine huazima. (Nasema kuazima kwa makusudi, maana nasikia wengi wakisema kukopa. Ukikopa fedha hurudishi noti zilezile. Ukiazima ngazi unarudisha ngazi ileile, na ndivyo Rust inavyotaka.) Wanaosoma tu wanaweza kuazima wengi kwa pamoja, lakini anayetaka kubadilisha lazima aazime peke yake. Kitufe kinachoishi kwenye mti siku zote kimeazima ngazi na hakirudishi.

Unaweza kumkwepa kompaila kwa kufunga data yako ndani ya Rc na RefCell, vifungashio vya Rust vinavyoruhusu wenye wengi na kuahirisha ukaguzi wa kuazima, na wengi hufanya hivyo. Ila hapo umehamisha ugomvi tu: makosa ambayo kompaila angeyakataa mapema yanakungoja wakati programu inatumika, na RefCell ikikuta waazimaji wawili wanagongana, programu inaanguka mbele ya mtumiaji.

Kabla ya egui nilijaribu zana tatu. Tauri niliiacha upesi. Inakupa dirisha la wavuti linalotumia injini iliyopo kwenye mfumo wenyewe, WebView2 kwa Windows, WKWebView kwa Mac na WebKitGTK kwa Linux, hivyo programu inakuwa ndogo ukilinganisha na Electron inayobeba Chromium nzima mgongoni. Mjuzi wa HTML na JavaScript atafurahi. Mimi si mjuzi, na namba zote za spektrogramu zingelazimika kuvuka daraja kati ya Rust na JavaScript ndipo zichorwe.

Iced ilinivuta zaidi. Imeiga mtindo wa lugha ya Elm: una hali ya programu, una ujumbe, una fanksheni ya kubadilisha hali na nyingine ya kuonyesha. Ni nadhifu, na kampuni ya System76 wameitumia kujengea COSMIC, mazingira yao ya eneo-kazi la Linux, kwa hiyo si mchezo wa watoto. Lakini kila kitu ni ujumbe. Kukokota kipanya kulinidai ujumbe wa kubonyeza, wa kusogea na wa kuachia. Kisha wa jina kuandikwa, wa alama kufutwa, wa faili kufunguka. Jioni ya pili orodha yangu ya ujumbe ilikuwa ndefu kuliko hesabu za sauti. Kwa programu kubwa yenye waandishi watano ningeipenda nidhamu hiyo. Kwa yangu ilikuwa kama kuandikiana barua na mtu mnayekaa chumba kimoja.

Slint ndiyo iliyokaribia kunishika. Waanzilishi wake walitoka kwenye kazi ya Qt, na inaonekana. Ina lugha yake ndogo ya kuelezea kiolesura, unabadilisha mstari na papo hapo unaona dirisha likibadilika pembeni, na tangu 2023 wana toleo la 1, yaani hawakuvunjii msimbo kila mara. Inaweza hata kukimbia kwenye vifaa vidogo vya aina ninayofanyia kazi. Nikipewa kazi ya kutengeneza skrini ya mashine itakayouzwa, nitaanza na Slint bila kuuliza mtu, baada ya kusoma vizuri masharti ya leseni zake, maana zipo za namna zaidi ya moja. Kwa spektrogramu, hata hivyo, nilijikuta naandika lugha mbili kwa ajili ya mstatili mmoja unaokokotwa.

Ndipo nikafika egui. Jina hutamkwa kama lilivyoandikwa, jambo ambalo waandishi wake wamelazimika kuwafafanulia wengine na sisi hatulihitaji. Aliyeianzisha ni Emil Ernerfeldt, leseni ni MIT au Apache 2.0, chaguo lako, na kampuni yake ya Rerun inaitumia kujengea bidhaa yao. Mwenye nyumba anayelala humohumo hutengeneza paa.

Katika egui hakuna mti. Kila fremu, yaani kila mara picha ya skrini inapochorwa, fanksheni yako inaitwa kutoka juu hadi chini na kuchora dirisha zima upya. Unaandika `if ui.button("Fungua").clicked()` na kitufe kinachorwa na kukujibu hapohapo kama kimebonyezwa. Data yako inabaki kwako. Kitelezi unakiazimisha namba kwa mstari mmoja, kinaibadilisha, kinairudisha kabla ya mstari unaofuata. Ngazi imerudi. Mbinu yenyewe si ngeni: Casey Muratori aliieleza kwa jina la immediate mode mwaka 2005, na watengenezaji wa michezo ya kompyuta wanaifahamu kupitia Dear ImGui ya C++. Ila katika C++ ni urahisi tu. Katika Rust ni kama ufunguo uliokutana na kitasa chake.

Nilivyoona tofauti ni hivi. Kukokota alama juu ya spektrogramu kulichukua mistari ishirini na kitu. Nauliza eneo la picha: umekokotwa? Umeanzia wapi? Umefika wapi? Kisha nachora mstatili. Hakuna Rc wala RefCell, na orodha ya ujumbe hakuna. Kompaila, ambaye kwa siku nne alikuwa akinizodoa, alinyamaza kabisa. Usiku ule nililala nikiwa nimefungua faili, nimechora, nimeweka alama na nimehifadhi. Sijawahi kumaliza kiolesura chochote kwa kasi hiyo, na nimeshaandika cha Win32, ile njia kongwe ya Windows, kwa C, kwa hiyo najua mateso.

Sasa kipanya. Ukisikia "inachorwa upya kila fremu" unadhani kompyuta itachemka. Haichemki, kwa sababu eframe, ile sehemu inayoiwekea egui dirisha, huchora tu pakiwa na sababu: kipanya kimesogea, kitufe cha kibodi kimebonyezwa, kitu kina mwendo. Pakiwa kimya, inalala. Mimi nilikuwa nimeupeleka uchanganuzi kwenye uzi mwingine (kazi inayokwenda sambamba na programu kuu) ili dirisha lisigande, jambo jema. Uzi ukamaliza kazi, ukaweka matokeo mahali pake, na egui imelala fofofo, hakuna aliyeiamsha. Mwenzangu akisogeza kipanya, inaamka, inakuta matokeo, inachora. Dawa ni kuuachia ule uzi nakala ya muktadha wa egui, nao ukimaliza uite `request_repaint`. Mstari mmoja. Kwa mashine yangu sikuwahi kuona kosa hilo kwa sababu mimi ni mtu wa kuchezea kipanya nikisubiri.

Baada ya hilo nilikutana na maandishi mekundu katikati ya dirisha, yakilalamika kwamba kitambulisho fulani kimetumika mara mbili. Mti hakuna, lakini egui bado inahitaji kukumbuka mambo machache, kwa mfano kichwa gani kimefunguliwa na orodha gani imesogezwa hadi wapi, na mara nyingi hutengeneza kumbukumbu hiyo kutokana na jina. Mimi nilikuwa na vichwa vya kufungua na kufunga kwa kila rekodi, na folda mbili tofauti zilikuwa na faili lenye jina moja. Ukifungua hiki, kinafunguka na kile. Inatibika kwa `push_id`. Naipongeza egui kwa kupiga kelele wazi, kwa rangi nyekundu, badala ya kuniachia nitafute kwa wiki.

Mpangilio ndipo ilipo pabovu hasa, na waandishi wenyewe hawafichi. Kwa kuwa kila kitu kinachorwa papo hapo, egui haijui upana wa kitu kabla ya kukichora. Ukitaka kuweka safu ya vitufe vitatu katikati kabisa ya dirisha, lazima ujue upana wake, na upana unaujua ukishaviweka. Mara nyingine inatumia kipimo cha fremu iliyopita, ndiyo maana dirisha dogo likifunguka mara ya kwanza linaweza kuruka kidogo kabla ya kutulia. Toleo la 0.29, la mwaka 2024, lilileta uwezo wa kuitupa fremu na kuipitia tena kabla haijaonyeshwa, na mambo yakapungua. Hayakwisha. Nimeacha kuhangaika, vitufe vyangu vyote vimekaa kushoto, na ndege hawajalalamika.

Orodha ndefu nazo zinataka akili. Ukiwa na alama elfu kadhaa, usizichore zote kila fremu wakati zinazoonekana ni thelathini. Ipo `show_rows`, inayokuita kwa mistari inayoonekana tu, kwa sharti kwamba mistari yote ina kimo kimoja. Mimi nilitaka maelezo marefu yakunjike chini ya jina. Sikuyapata, nikayahamishia pembeni.

Sura yenyewe? Ni ya egui. Kwenye Windows haifanani na Windows, kwenye Mac haifanani na Mac. Kote inafanana na chombo cha ndani cha studio ya michezo. Rafiki wa Mac aliguna, "Mbona inaonekana kama ya mafundi?" Ni ya mafundi, dada. Unaweza kubadilisha rangi, pembe na nafasi, lakini ukitaka mtu asijue kwamba hii ni egui utafanya kazi nyingi. Kwa upande mwingine, kwa kuwa inachora kila pikseli yenyewe, nikipiga picha ya skrini kumwelekeza mzee wetu, ninachokiona mimi ndicho anachokiona yeye. Katika kazi ya kusaidiana kwa simu, hilo limeniokoa mara nyingi kuliko uzuri wowote. Na Ctrl pamoja na alama ya kujumlisha inakuza kila kitu bila mimi kuandika hata herufi. Mzee aliligundua mwenyewe, akaniambia kama siri.

Maandishi ya Kiswahili hayana tatizo, herufi zetu ni za kawaida. Lakini anayetaka Kiarabu, au mwandiko wowote unaokwenda kulia kwenda kushoto na wenye herufi zinazoungana, asianze na egui. Katika matoleo niliyotumia haukupangika sawasawa. Kichina nacho kinataka ujiletee fonti, maana zilizokuja nayo hazina herufi hizo. Kwa wasioona, egui imeunganishwa na AccessKit, maktaba ya kuzungumza na visoma skrini, tangu 0.20, hivyo kisoma skrini kinaweza kutaja vitufe. Spektrogramu yangu haiwezi kusomwa, lakini hiyo ni juu yangu.

Kuhusu ahadi ya kukimbia kila mahali, nigawe lawama vizuri. Msimbo wangu wa kiolesura ni uleule kwa mifumo yote mitatu. Sina hata mstari mmoja wa "kama ni Mac, fanya hivi" katika kuchora. Hilo ni jambo kubwa. Kilichonitoa jasho ni vitu vya pembeni ambavyo egui haikuahidi. Kwenye Windows, programu ilifungua dirisha jeusi la amri nyuma yake hadi nilipoongeza `windows_subsystem` juu ya faili kuu. Kwenye Mac, kwa kuwa sijaitia saini programu, mfumo ulimwonya mwenzangu kana kwamba nimemtumia mwizi. Kwa mzee, programu ilikataa hata kuanza, ikidai toleo jipya zaidi la glibc, maktaba ya msingi ya Linux. Nilikuwa nimeijenga kwenye Linux yangu mpya. Sasa naijenga ndani ya mfumo wa zamani makusudi. Egui pia haina kidirisha cha kuchagua faili, unaongeza kreti (kifurushi cha Rust) ya rfd, nayo inafungua kile cha mfumo wenyewe. Nilifurahi: hapo angalau Mac inafanana na Mac.

Niliijaribu pia kwenye kivinjari, kupitia WebAssembly, njia ya kuendesha msimbo kama wa Rust ndani ya kivinjari. Ilikubali, na kwa maonyesho ni nzuri sana, unamtumia mtu kiungo tu. Lakini yote imechorwa ndani ya turubai moja, hivyo kutafuta neno kwa Ctrl na F ya kivinjari hakuoni kitu, na nyuzi zangu zilihitaji kupangwa upya. Niliishia hapo.

Kitu kimoja kwa anayeanza leo: ukiijenga kwa hali ya kawaida ya majaribio, bila kuboreshwa, inasuasua, na utaichukia bure. Weka `opt-level = 2` kwa kreti unazotegemea, uache msimbo wako mwenyewe ulivyo. Tofauti utaiona kwa macho. Mimi nilikaa wiki mbili nikiilaumu kadi ya michoro.

Nyota? Nne kati ya tano, kwa vyombo vya kazi: uchambuzi, majaribio, vihariri vya data, chochote kitakachotumiwa na watu unaoweza kuwapigia simu. Kwa programu ya umma, yenye maandishi mengi na mpangilio wa kupendeza, ningeipa mbili na kukuelekeza Slint.

Nyota ya tano imepotelea kwenye matoleo. Bado ni 0 nukta kitu, na kila toleo lina mamlaka ya kukuvunjia msimbo. Kwenye 0.31, Rounding iligeuka CornerRadius, na vipimo vyake, pamoja na vya Margin, vilivyokuwa namba za desimali vikawa namba nzima. Nilibadilisha mahali pengi kwa mkono, nikitukana taratibu. Orodha yao ya mabadiliko imeandikwa vizuri na kompaila anakuonyesha kila palipovunjika, kwa hiyo ni jioni moja tu, lakini ni jioni inayorudi. Toleo jingine limeshatoka na nimesoma mabadiliko yake nusu. Msimu wa kurekodi unaanza wiki ijayo, na mzee amesema nisiguse kitu hadi uishe.